Diski ya pili iingie, lakini si kwa mafilimu tu



Tangu turudi toka likizo, nyuma ya kalasi kunasikika habari moja tu. Fulani ameongeza diski ya pili katika ordinatere ya kwao (wenzetu wa Tanzania wanasema kompyuta). Fulani mwingine anamsumbua baba yake ampe dola za kununua. «Yetu iko na terabaiti moja na nusu!» «Yetu sisi iko na mbili!» Watu wanajisifu kwa diski kama vile zamani walivyojisifu kwa baiskeli.

Sisi tunafurahi, kwa kusema kweli. Ni jambo jema kijana kufungua mashine ya kwao bila kuogopa. Lakini tukiuliza, «Diski mupya umeijaza nini?», jibu ni lile lile kwa wote: mafilimu, miziki, mipira. Na bileteni za wadogo? Na picha za harusi ya wazazi, na za babu aliyekwisha kufa? Na barua za kazi za baba, na memwari ya yaya anayesoma univerisite? «Ah, hizo ziko paka pale zilikuwa, mu diski ya zamani.»

Hapo ndipo tuna neno la kusema. Kwa maoni yetu diski ya pili si gala ya kuongeza vitu. Kazi yake ya kwanza ni kushika mara ya pili vile vitu ambavyo vikipotea havipatikani tena. Filimu ikipotea, utaikopa kwa jirani kesho kutwa, pengine na jioni ile ile. Picha ya babu, utaikopa kwa nani?

Wengine watasema tunatisha watu bure: «Diski yetu inafanya kazi miaka sita sasa, haijasumbua hata siku moja.» Basi na tuone kwanza diski yenyewe ni kitu gani.

Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ndani mulikuwa sahani 50 za chuma, kila moja na upana wa sentimeta 61 hivi, na kabati zima lilipita uzito wa tani moja. Pamoja na ukubwa ule wote iliweza kushika herufi milioni 5 tu. Diski ya leo ya terabaiti 1, ambayo unaibeba katika mfuko wa koti, inashika mara 200 000 ya hiyo. Lakini ginsi ya kufanya kazi haikubadilika sana: sahani inazunguka, na kichwa kidogo kinapita juu yake kikisoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku. Katika diski nyingi za ordinatere za mezani sahani inazunguka mara 7 200 kwa dakika, ndiyo kusema mara 120 kwa sekunde moja. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kabisa, ambayo unywele wa mtu unaipita kwa unene mara elfu nyingi. Sasa fikiri mashine imewaka, mtoto anaipiga teke chini ya meza. Ama kuranti inakatika, inarudi, inakatika tena, mara tano kwa saa moja, kama tunavyozoea. Kitu hicho kimetengenezwa vizuri sana, lakini hakikutengenezwa kwa maisha ya namna hiyo.

Kampuni moja ya Marekani, Backblaze, ambayo kazi yake ni kuwekea watu mafaili, inatangaza kila mwaka hesabu ya diski zake zinazokufa. Katika miaka hii ya karibuni ni kati ya 1 na 2 kwa kila 100 kwa mwaka. Mutasema ni kidogo. Ndiyo, lakini zile zinakaa katika nyumba yenye ubaridi, kuranti yao haitetemeki, na mafundi wanazichunga usiku na mchana. Zetu ziko chini ya meza, karibu na mlango, na vumbi ya barabara inaingia. Tena nyingi zimekwisha kutumika Ulaya miaka mitano sita mbele ya kutufikia. Kwa hiyo swali letu si kama diski itakufa. Itakufa. Swali ni kama siku ile kutakuwa nakala.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, kwa maana wengi wameharibu kitu kwa haraka, na wengine wanalipa fundi pesa kwa kazi ya nusu saa.

Mbele ya kununua, fungua sanduku uangalie. (Toa kwanza kable ya kuranti kwenye prizi. Kuzima peke yake haitoshi.) Tafuta mambo matatu: nafasi ya kufunga diski kwa visi, tundu la SATA lililo wazi juu ya ubao mkubwa wa ndani, na kable ya kuranti yenye kichwa kipana ambayo haijashikwa na kitu. Tangu mwaka 2003 hivi mashine zilianza kutumia SATA, na kila diski iko na kable yake yenyewe. Zile za mbele yake zilikuwa na utepe mupana wa kijivu wenye kubeba diski mbili, na ulipashwa kuweka kipande kidogo cha plastiki nyuma ya kila diski ili moja iwe bwana na ingine mtumwa. Ukikuta mashine ya namna ile nyumbani kwenu, usitupe pesa: nunua diski ya nje ya USB, basi. Vilevile zile mashine nyembamba za maofisi zinazouzwa okazyo: nyingi zina nafasi ya diski moja tu. Tumekwisha kuona mtu akiacha diski ya pili inaning'inia kwa kable yake kama popo. Diski yenye kuzunguka inatetemeka, haipendi kuning'inia.

Ukiingiza mkono, gusa kwanza chuma cha sanduku, ili umeme mdogo ulio mwilini utoke kwako kabla ya kushika vipande. Funga diski kwa visi vinne, si kwa kimoja. Kichwa cha kable ya SATA kina umbo la herufi L, hakiingii kinyume. Kikikataa, kigeuze, usikisukume. Kisha rudisha kuranti, uwashe.

Na hapo wengi wanashtuka: diski haionekani! Wanarudi sokoni kugombana na muuzaji. Ndugu, diski mupya haina mistari ndani yake. Ni kama shamba ambalo halijagawanywa. Katika Windows ya Kifransa fungua «Gestion des disques». Utaona Diski 0 na Diski 1, na ile mupya itasemwa haijatayarishwa. Tazama ukubwa wake mara mbili mbele ya kubonyeza lolote, maana ukikosea ukatayarisha ile ya zamani, umefuta nyumba yote. Mashine itauliza MBR ama GPT: chagua GPT, kwa sababu MBR haiwezi kupita terabaiti 2. Kisha chagua NTFS. Ile FAT32 ya zamani haikubali faili moja linalopita gigabaiti 4. Na usilie ukiona diski ya terabaiti 1 inaandikwa 931. Hakuna aliyekuibia: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1 024.

Kama ulinunua diski iliyotumika, kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Diski inajiandikia yenyewe saa zote ilizowaka tangu kuzaliwa kwake. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inasoma daftari hilo. Mwaka mmoja wa kuwaka usiku na mchana ni saa 8 760. Ukikuta 45 000, ujue umenunua mzee aliyekwisha kutumika miaka mitano bila kulala. Ukikuta tena inahesabu sehemu zilizoharibika, irudishe siku ile ile. Tunashauri kwenda sokoni na laptopu na kable ya kugeuza SATA kuwa USB, na kupima mbele ya macho ya muuzaji. Atanuna. Mwache anune.

Wenzetu wawili wa kalasi ya tano wanabishana tangu wiki mbili: diski ya kuzunguka ama SSD? SSD haina kitu cha kuzunguka, haiogopi teke sana, na inakula kuranti kidogo, wati mbili tatu tu, wakati diski ya kuzunguka inakula 5 hadi 8, tena inapoanza inavuta zaidi ya 20. Kwa nyumba ya batri na jua hilo si neno dogo. Lakini kwa pesa zile zile SSD inakupa nafasi ndogo zaidi. Maoni yetu: kama diski ya zamani ingali nzima, nunua SSD ndogo, uweke Windows juu yake, mashine itafufuka, na ile ya zamani ibaki ya pili. Hapo utapata mwendo na utapata nafasi. Lakini, na hapa tunarudi kwa neno letu, kitu cha maana kisibaki juu ya ile ya zamani peke yake, maana ndiyo mzee wa nyumba.

Basi diski mbili zimo ndani. Mafaili ya jamaa yako juu ya moja, nakala juu ya ingine. Tumemaliza? Hapana. Hapa tunapingana hata na wale wanaokubaliana nasi tangu mwanzo.

Diski mbili katika sanduku moja zinakula sahani moja. Kuranti yao inatoka kwa kifaa kimoja. Uchunguzi wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 ulitafuta mahali duniani ambapo radi inapiga zaidi. Wa kwanza ulikuwa mji? Hapana, ni ziwa, Maracaibo, huko Venezuela. Na wa pili? Kabare, hapa kwetu Kivu ya Kusini, na mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Sisi hatukuhitaji satelaiti ili kujua, lakini ni vizuri na wengine wamejua. Radi ikipita kwa waya wa kuranti ikaingia katika sanduku, haitauliza ni diski gani ya kwanza na gani ya pili. Mwivi naye anabeba sanduku zima. Virusi ni vile vile: mwezi wa Mei 2017 ile iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya ordinatere zaidi ya 200 000 duniani na kudai pesa, na virusi vya namna ile vinafunga kila diski vinayoikuta imeunganishwa, ya pili kama ya kwanza.

Kuna hata wanaojua sana, wanaofunga diski mbili kwa namna ya kioo, yaani RAID 1, ili kila kinachoandikwa huku kiandikwe na kule. Ni nzuri diski moja ikifa. Lakini mdogo wako akifuta picha kwa kosa, kioo nacho kinafuta, na kwa upesi ule ule. Kioo si nakala.

Na watu wa Goma wana somo ambalo halimo katika kitabu cha informatike. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikala nyumba na maduka. Tarehe 22 Mei 2021 mulima uliwaka tena jioni, na usiku ule watu wakashika njia, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mupaka kwenda Gisenyi. Siku tano baadaye serikali ya jimbo ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Mtu anayekimbia usiku na mtoto mgongoni habebi sanduku la ordinatere. Na wengi katika jimbo letu wamekimbia zaidi ya mara moja, si kwa sababu ya mulima tu. Diploma ikiungua, cheti cha kuzaliwa kikipotea, karatasi ya kiwanja ikibaki katika nyumba ambayo huwezi kuirudia, picha yake iliyo katika flashi shingoni mwa mama haitakuwa karatasi yenyewe, lakini utakuwa na namba, tarehe na muhuri vya kuonyesha ofisini. Asiye na kitu anaanzia sifuri.

Ndiyo maana tunapenda hesabu ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliifanya ijulikane: nakala 3, juu ya vyombo vya namna 2, na 1 ikae mahali pengine. Kwa nyumba zetu tunaitafsiri hivi. Ya kwanza iko katika diski ya kila siku. Ya pili iko katika diski ya pili, ndani ya sanduku. Programu ya Windows inayoitwa «Historique des fichiers» inaweza kuifanya yenyewe, bila mtu kukumbuka. Ya tatu ni ya karatasi na picha za lazima peke yake, katika flashi ama diski ndogo ya USB, haikai imechomekwa, na inalala kwa shangazi ama kwa baba mdogo, mtaa mwingine. Kila mwezi mnabadilishana: yake kwako, yako kwake. Karatasi za jamaa nzima, zikipigwa picha vizuri, hazijazi hata flashi ya gigabaiti 32. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba ni kazi ya matajiri.

Tunasikia tayari jibu la wakubwa wa simu: «Mambo hayo ya zamani! Weka yote kwenye intaneti.» Sawa, kwa karatasi kumi ishirini tunakubali, ni mahali pengine pa kweli kweli. Lakini mwenye kununua mega kwa siku, atapandisha gigabaiti 200 za picha kwa mwaka gani? Na siku intaneti inakatwa, kama tulivyoona mwanzo wa mwaka 2019 baada ya uchaguzi, wakati nchi nzima ilikaa karibu siku 20 bila, hizo picha utazifikia kwa nini?

Neno moja bado, na tunalisema kwa heshima. Katika nyumba nyingi ordinatere ni ya jamaa nzima, lakini diski ya pili ni ya yaya wa kiume. Yeye ndiye aliyeomba pesa kwa baba, akisema ni kwa masomo. Yeye ndiye aliyeifunga. Yeye ndiye mwenye neno la siri. Mama akitaka kuweka hesabu za likelemba yake, anaambiwa nafasi imekwisha. Imekwisha kwa nini? Sisi tunaona mambo yafanywe kinyume: siku diski inafungwa, kwanza ziingie karatasi na picha za nyumba, mama akiwa pale anaonyeshwa ziko wapi na ginsi ya kuzifungua. Nafasi inayobaki, na itabaki mingi, yaya aweke mipira yake, hakuna atakayemkataza. Na dada zetu wajifunze kushika turnevisi. Visi vinne havitaki misuli.

Kwa hiyo tuna ombi kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wa informatike: watupatie chumba cha mashine Jumamosi mbili, baada ya saa sita. Mwenye diski ataleta diski, asiye nayo ataleta karatasi za kwao tuzipige picha na kuziweka katika flashi yake yeye mwenyewe, si katika mashine ya shule. Tunahitaji turnevisi za msalaba, kable za SATA mbili tatu za zamani, na ondulere moja, kwa maana kuranti ya Jumamosi tunaijua. Mwenye kuweza kukopesha amuone sekretari wa gazeti mbele ya Ijumaa.

Kamati ya gazeti